Sahani Tumezitunza, Mikono Je?

Wanangu, nimechoka. Magoti yangu hayakubali tena kuchuchumaa kando ya shimo la wachimbuaji, na macho yanadai taa hata mchana. Lakini kusema nanyi sijachoka, maana mtu mzima akiona jambo linapotea naye akanyamaza, ataulizwa. Basi kaeni mnisikilize. Ninalo neno moja tu, na nitalirudia kwa njia hii na ile mpaka liwakae: kutunza chombo si kutunza ufundi. Chombo unaweza kukifungia kabatini kikakaa miaka mia tano. Ufundi hauna kabati. Unakaa mkononi mwa mtu, na mtu huyo akifa hajamfunza mwenziwe, amekwenda nao kaburini.

Nayasema haya kwa kuwa umri wangu mwingi umepita kwenye makumbusho ya pwani, nikiosha, nikipanga na kuunganisha vigae vya kaure. Ni vitu vichache watu wa pwani hii walivyovienzi kuliko kaure yenye nakshi. Nendeni Lamu, mwingie nyumba za mawe za zamani, mtaona ukuta wa ndani umejaa zidaka zilizotengenezwa kwa chokaa, ambamo wenyewe waliweka sahani na mabakuli yao bora. Nendeni Mambrui, muone kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi ya kale yalipambwa vivyo hivyo. Gede wachimbuaji waliikuta kaure ndani ya mji uliohamwa, na Kilwa vigae vimezagaa ardhini. Wazee wetu walizipenda sahani hizi wakiwa hai, na walipofariki, ndugu zao wakazipachika makaburini.

Lakini hatukuzitengeneza sisi. Nyingi zilitoka Jingdezhen, mji wa bara huko Jiangxi, kusini mwa Uchina, uliopewa jina hilo mwaka 1004 kwa amri ya mfalme aliyependezwa na vyombo vyake. Zilishushwa kwa mito hadi bandarini, zikapita kutoka kwa mfanyabiashara mmoja hadi mwingine, mpaka zikafika katika majahazi yanayokuja kwetu na kaskazi. Hata rangi yake ina safari ndefu: kobalti iliyotumika katika karne ya 14 ilitoka Uajemi, ikapelekwa Uchina, ikarudi magharibi imeshakuwa ua la buluu juu ya sahani. Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu. Tumekula na kujipamba kwa ufundi wa watu kwa karne nyingi. Haitupasi kuutazama ukifa, tukasema hauko kwetu.

Shikeni kigae kimoja cha buluu na nyeupe, mkitazame kwa kioo cha kukuza. Mtaona mstari wa jani umeanza mwembamba, ukanenepa katikati, ukaisha kwa ncha pale brashi ilipoinuliwa. Fundi alipokawia kidogo, buluu imetuama na kukaribia weusi. Alipopita upesi, imefifia. Tazameni petali za ua: hakuna mbili zinazolingana sawasawa, wala hakuna iliyokosewa. Mkono ule ulilichora jani lile lile mara zisizo na idadi ndipo ukaweza kulichora bila kusita. Na alipokuwa akichora, fundi hakuiona hiyo buluu. Kobalti mbichi huwa ya kijivu au nyeusinyeusi. Buluu huja baada ya moto. Alipima kwa uzoefu wake jinsi rangi inavyopaswa kuwa nzito au nyepesi, juu ya udongo mkavu unaoinyonya papo hapo, ambapo mstari ukienda upande haufutiki.

Kisha chukueni sahani ya dukani leo. Nakshi yake imechapwa kwenye karatasi maalumu, ikalowekwa majini, ikabandikwa, ikachomwa. Kwa kioo kile kile mtaona vidoto vimejipanga safu kwa safu, na mkifuata ukingo mtafika mahali ncha za karatasi zilipokutana na ua likakatika. Siilaumu sahani hiyo. Imewapa watu wengi chombo safi kwa bei nafuu, na hilo ni jema. Ninachotaka ni mjue tofauti, kwa sababu asiyeijua ndiye anayeua ufundi bila kukusudia. Akiona bei mbili, huchukua ya chini na kudhani kwamba mwenye bei ya juu anamwibia.

Mjue pia ni watu wangapi walio nyuma ya chombo kimoja. Mwandishi wa Kichina Song Yingxing, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alieleza kwamba kikombe kimoja hupitia mikono 72 ndipo kikamilike. Padri Mfaransa aitwaye d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen na kuandika barua mbili maarufu mwaka 1712 na 1722, alisimulia kuwa kulikuwa na fundi wa kuzungusha duara la ukingo tu, mwingine wa kuchora mistari ya maua, na mwingine wa kujaza rangi ndani ya mistari hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetia sahihi. Majina yao hatuyajui, lakini ukingo wa fundi yule wa duara nimeuosha kwa mikono yangu hii, na baada ya miaka mia tatu bado haujayumba.

Jingdezhen yenyewe ilikaribia kuupoteza ufundi wake. Katika karne ya 20 kazi ilikusanywa kwenye viwanda vikubwa vya serikali, na katika miaka ya 1990 viwanda hivyo vikafungwa au kuvunjwavunjwa, makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Mngedhani ndio mwisho. Lakini wachoraji na wafinyanzi wale walirudi vichochoroni, wakafungua karakana ndogondogo, kila mmoja akaendelea na kile alichokijua. Baadaye vijana kutoka miji mingine ya Uchina, hata kutoka nchi za nje, walipoanza kumiminika huko kutafuta maisha ya ufundi, walikuta walimu. Mwaka 2014 mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya miji bunifu kwa sababu ya ufundi wa mikono. Waswahili tunasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, alimradi mhunzi yupo. Akiondoka mhunzi, koleo hata liwe jipya halina kazi.

Mfano ninaotaka muushike zaidi uko Japani, katika mji mdogo wa Arita, mkoani Saga, kisiwani Kyushu. Wenyeji huhesabu mwanzo wa kaure yao kuwa mwaka 1616, lilipopatikana jiwe la kufaa katika mlima wa Izumiyama. Masimulizi ya mji yanamtaja Yi Sam-pyeong kuwa ndiye aliyelipata. Huyu alikuwa mfinyanzi Mkorea, mmoja wa mafundi waliochukuliwa kwao wakati wa vita vya Hideyoshi, mtawala wa Japani, dhidi ya Korea kati ya 1592 na 1598. Fikirini hilo: ufundi ambao Wajapani wanajivunia leo uliingia kwao kwa mikono ya watu walioondolewa makwao kwa nguvu. Katika miaka ya 1640 Sakaida Kakiemon, kama ukoo wake unavyosimulia, alifaulu kuchora kwa rangi nyekundu na nyinginezo juu ya kaure iliyokwisha kung'arishwa na kuchomwa. Nao utawala wa Ming ulipoanguka Uchina mwaka 1644 na vita vikavuruga kazi ya Jingdezhen, wafanyabiashara wa Kiholanzi wakaigeukia Arita. Vyombo vikapakiwa bandari ya Imari, vikapitia Nagasaki, vikafika Ulaya, hata kiwanda cha Meissen huko Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710, kikaanza kuviiga.

Sasa sikilizeni mambo mawili yaliyoupata mji huo, myaweke pamoja.

La kwanza lilitokea mwaka 1828. Dhoruba kali ilipiga, upepo ukatoa moto kwenye matanuri na kuusambaza, na sehemu kubwa ya Arita ikateketea. Nyumba zilikwisha, na pamoja nazo vifaa, michoro na bidhaa. Watu wengi walikufa. Hata hivyo, waliosalia walijua kusaga jiwe, kufinyanga, kuchora na kuchoma. Walijenga matanuri upya, na kazi ikaendelea. Ukipita mjini hapo leo utaona vichochoro vyenye kuta zilizojengwa kwa matofali ya matanuri ya zamani, ambayo bado yana mng'ao wa kijani na kahawia ulioachwa na moto na majivu.

La pili halikuwa na moto wala dhoruba. Ukoo wa Kakiemon ulikuwa na namna yake ya kutengeneza kaure iitwayo nigoshide. Weupe wake hauna buluu ndani; ni weupe wa joto, kama maji yaliyooshewa mchele, na juu yake nyekundu ya Kakiemon hukaa vizuri kuliko mahali pengine popote. Lakini ni udongo msumbufu: hupinda, hupasuka, na vyombo vingi huharibika tanurini. Biashara ya nje ilipopungua katika karne ya 18, gharama ikawashinda, wakauacha. Hakuna aliyeuzuia kwa nguvu. Watu waliacha tu kuutengeneza, mwaka baada ya mwaka, mpaka waliojua wakaisha.

Nini kilibaki? Sahani zilibaki. Zilikuwa katika majumba ya Ulaya na ya Japani, nzima, zinang'aa. Hata maandishi yalibaki: ukoo ulikuwa na daftari la karne ya 17 lenye vipimo vya kuchanganya udongo. Walikuwa na chombo, walikuwa na kitabu, walikuwa na jina, walikuwa na mlima ule ule. Hawakuwa na mkono. Ilibidi mkuu wa ukoo, Kakiemon wa 12, na mwanawe, wa 13, wakae na daftari lile na kuchanganya na kuchoma na kutupa, tena na tena, kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1953 ndipo wakaipata nigoshide yao tena. Zaidi ya miaka mia mbili ilikuwa imepita tangu babu zao walipouzoea udongo ule. Mwaka 1971 serikali ya Japani iliutangaza ufundi huo kuwa urithi muhimu wa taifa usioshikika.

Mnaliona, wanangu? Moto ulichoma mji mzima na ufundi haukufa. Kimya kimeua bila kuvunja hata kikombe.

Kwa hiyo ninapowasikia vijana wakisema, "Babu, usihofu, tumeshapiga picha, tumeshaandika, tumeshaweka kwenye intaneti," nawashukuru, kwa maana daftari la Kakiemon lilisaidia. Bila lile huenda wasingepata pa kuanzia. Andikeni. Pigeni video. Lakini msilale mkidhani kazi imekwisha. Video inaonyesha brashi inapokwenda. Haionyeshi inavyoshikwa kwa nguvu kiasi gani. Ukitaka kujua hilo, ni lazima mwalimu akushike kidole.

Nitawapa mfano wa kazi moja tu. Baada ya mistari ya nakshi kuchorwa, huja kazi ya kujaza buluu katika nafasi kubwa. Fundi wa Arita huchukua brashi nene iliyojaa maji ya kobalti, akaibana na kuiachia kwa vidole ili rangi itiririke mbele ya ncha. Hasugui. Anaiongoza ile rangi kama tone linalotembea, hadi ukingoni mwa mstari, kisha inayozidi anainyonya tena kwa brashi ile ile. Akichelewa, udongo umenywa na doa limebaki. Akiharakisha, pengo limebaki. Kwa desturi kazi hii ilifanywa na wanawake, na majina yao hayamo katika orodha za akina Kakiemon, lakini bila wao sahani nyingi za Arita zingekuwa mistari mitupu. Mwanafunzi haipati kwa kuelezwa. Huipata kwa kuharibu vyombo vingi mbele ya mtu mvumilivu.

Ndiyo maana nasema udongo uwahi ungali maji. Wazazi, mtoto anayekaa kimya saa nzima akichora pembezoni mwa daftari la shule msimnyang'anye kalamu. Mpelekeni kwa fundi wakati vidole vyake bado vinakubali kufundishwa. Arita walilijua hilo mapema. Mwaka 1881 walifungua shule ya ufinyanzi, na baadaye wakawa na chuo cha ufundi huo ambacho mwaka 2016 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Saga. Hawakusema ufundi ni wa walioshindwa darasani. Waliujengea darasa.

Na wewe kijana uliyekwisha kupata fundi, usiwe na haraka ya kuitwa msanii. Nimeona wengi wanaotaka kuchora sahani nzima kabla hawajaweza kuzungusha mstari mmoja. Mkumbukeni fundi wa duara. Kubali kupewa kipande kidogo cha kazi, ukifanye mpaka mwalimu wako aache kukitazama. Usione haya kwamba wenzako waliokwenda mjini wanapokea mshahara wewe ukiwa bado unasaga rangi. Rangi ya kaure husagwa kwa muda mrefu mno mpaka chembe zilainike, na anayeisaga huku akiwaza mambo mengine huja kuona kosa lake likitoka tanurini.

Sasa niseme na wazee wenzangu na mafundi walio na ujuzi, maana lawama si ya vijana peke yao. Tuna tabia ya kuficha. Tunasema siri ya kazi ni ya nyumba, haitoki. Watawala wa eneo la Arita, wa ukoo wa Nabeshima, nao walificha: katika karne ya 17 waliwaweka mafundi wao bora katika bonde la Okawachi, wakaweka kizuizi njiani, siri isitoke. Mafundi hao walichora vyombo vizuri ajabu kwa ajili ya watawala na wakubwa. Lakini mwaka 1871 utawala wa kikabaila ulipofutwa, aliyewalisha hakuwapo tena, na ufundi uliofichwa ukabaki bila mlinzi. Uliokolewa na ukoo wa Imaizumi Imaemon, waliokuwa wakichora rangi kwa ajili ya Nabeshima. Hao walilazimika kujenga tanuri lao na kujifunza kazi yote, kutoka udongo hadi nakshi, wakati ambapo pesa hazikuwapo. Ujuzi wa kufichwa hutegemea bahati ya nyumba moja. Nyumba ikikosa mtoto, au mtoto akikosa hamu, basi. Mfundisheni mwana wa jirani. Mfundisheni binti. Mfundisheni mgeni aliyekuja na nia njema. Yi Sam-pyeong hakuwa mwenyeji wa Arita.

Na mwanafunzi akishaiva, mwacheni achore chake. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa sababu ya mapenzi. Tunataka ua lile lile, jani lile lile, mpaka kiama. Imaemon wa 13 alirithi nakshi za Nabeshima zenye sheria kali, naye akaleta namna yake ya kupulizia rangi juu ya chombo ikatanda kama wingu. Mwanawe, Imaemon wa 14, aliyeshika jina hilo mwaka 2002, ameziendeleza nakshi nyeupe juu ya weupe zenye umbo la theluji. Mwaka 2014 alitangazwa kuwa mmoja wa wale wanaoitwa Hazina Hai ya Taifa. Hakuna aliyesema amewasaliti babu zake. Babu zake nao, walipochora mara ya kwanza, walikuwa wakileta jipya. Kijana akilazimishwa kunakili maisha yake yote, atakimbia, na atakuwa na haki ya kukimbia.

Hilo jina la Hazina Hai nalo lina mafunzo. Japani ilitunga sheria ya kulinda urithi wake mwaka 1950, ikaona kwamba haitoshi kulinda majengo na vitu; ikaanza kuwatambua watu wanaoushika ufundi. Mtu huyo hupewa na serikali yeni milioni 2 kila mwaka, si kwa ajili ya kustarehe bali kwa kuendeleza ujuzi wake na kuwafunza watakaomrithi. Wenye mamlaka kwetu walitazame jambo hilo. Tunatenga fedha kukarabati kuta za kale, na ni vyema, lakini fundi anayejua kuzikarabati kuta hizo anazeeka kwake bila mwanafunzi. Tukimlipa anayefundisha, na mwanafunzi akipata angalau cha kula wakati anajifunza, tutakuwa tumefanya zaidi ya jumba lolote la maonyesho.

Nisiwadanganye, hata sheria haitoshi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mauzo ya kaure ya Arita yameporomoka sana. Hoteli na migahawa ya kifahari iliyokuwa ikinunua seti kubwa imepunguza, watu wanakula kwa namna nyingine, na vyombo rahisi vimejaa. Mji ni mdogo, wakazi wake hawafiki 20,000, na vijana huondoka. Kwa hiyo fundi anahitaji pia mnunuzi. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Aprili, mji huo hufanya soko kubwa la kaure barabarani, na watu wa kawaida huenda kununua kikombe kimoja, bakuli moja. Kikombe hicho kimoja ndicho kinachomlipia mwanagenzi chakula cha jioni.

Hapa nawageukia nyinyi wafanyabiashara wetu mnaosafiri hadi Guangzhou, mkirudi na makontena ya vyombo kutoka nchi ile ile iliyowapa babu zenu sahani za zidaka. Sikuambieni muache biashara yenu. Nawaombeni mfanye jambo dogo. Katika kontena lako la sahani za kubandikwa, tia kreti moja ya sahani zilizochorwa kwa mkono, uziuze kwa bei yake ya haki, na umweleze mteja kwa nini ni ghali. Mwonyeshe mahali brashi ilipoinuliwa. Ukishamfunza mtu mmoja kuona, amekuwa mlinzi wa ufundi asiyelipwa mshahara. Na nyinyi mnaokwenda kusoma katika vyuo vya Uchina na Japani, hapo mlipo, mkipata likizo, nendeni Jingdezhen, nendeni Arita. Ombeni kuketi. Mkono wa Mswahili ukijifunza kuchora kaure hautakuwa umeiba. Utakuwa umelipa deni la zamani.

Wala msisahau walio karibu. Sahani ilitoka ng'ambo, lakini kidaka kilichoibeba kilitengenezwa na fundi wa hapa hapa, aliyechora nakshi kwenye chokaa kabla haijakauka. Mlango uliofunguliwa kuiingiza sahani ile nyumbani ulichongwa na fundi wa hapa. Chungu kilichopika wali uliopakuliwa ndani yake kilifinyangwa na mama wa hapa. Fundi wa zidaka siku hizi hapatikani kwa urahisi, na wachongaji wa milango wanashindana na mashine. Yaliyoipata nigoshide hayakuandikiwa Japani peke yake. Tukiacha mwaka huu, na mwakani tukaacha, wajukuu wetu watakuwa na makumbusho mazuri yenye taa nzuri, na hawatakuwa na mtu wa kuwaonyesha namna ya kushika tindo.

Wanangu, mimi nimeshika vigae zaidi ya nilivyoshika kitu kingine chochote duniani, na kila kimoja kimeniambia jambo hilo hilo: aliyenitengeneza alifundishwa. Kabla yake alikuwapo mwingine, na mwingine kabla ya huyo. Mnyororo ule haukudumu kwa sababu vyombo vilikuwa vizuri. Ulidumu kwa sababu katika kila kizazi alikuwapo kijana mmoja aliyekubali kuketi, na mzee mmoja aliyekubali kumvumilia.

Basi kila mmoja wenu, kabla mwaka huu haujaisha, amtafute fundi mmoja. Asiyeweza kujifunza, ampeleke mwanawe. Asiye na mwana, anunue chombo kimoja cha mkono na ajue nani alikichora. Aliye na ujuzi, achague mwanafunzi na amwonyeshe yote, hata lile alilolificha. Mimi zamu yangu inakaribia kwisha, na sina malalamiko. Mungu awape subira ya kujifunza na moyo wa kufundisha, na anayejua leo asilale usiku huu kabla hajaamua ni nani atakayejua baada yake.